Kifaa Kinachomsubiri Mgonjwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mliopo, wauguzi na wataalamu wa maabara mliobadilishana zamu ili muwepo hapa, nanyi wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba: naomba itifaki ihesabike imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo tutaingia saa ya chakula. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie tafiti za kuotesha upya tishu za mwili na tafiti za vipimo vya haraka. Kuna atakayeuliza haya mawili yamekutania wapi, kwa kuwa moja ni la wodi ya majeraha ya moto na la pili ni la dirisha la maabara ya zahanati. Mimi nayaona yamekutania kwenye saa. Mtu aliyeungua asipofunikwa kidonda mapema, maji ya mwili yanampotea, vijidudu vinaingia, na akipona hapo kovu linamkunja. Mtoto mwenye homa naye, chanzo kisipojulikana mama akiwa bado amekaa kwenye benchi, atarudi nyumbani na dawa ya kubahatisha. Kwa hiyo mtu akinionyesha uvumbuzi wake, swali langu la kwanza ni hili: kifaa kinamsubiri mgonjwa, au mgonjwa ndiye atakayekisubiri?

Tuanze na kile mnachokijua wote, kipimo cha haraka cha malaria. Mwanafunzi wa uhandisi ambaye hajawahi kukipasua kimoja kwa wembe akaangalia ndani, namwagiza akafanye hivyo wiki hii. Kachukue kilichokwisha muda wake. Ndani ya kile kiplastiki utakuta ukanda uliounganishwa vipande vipande. Muuguzi anadondosha damu kidogo sana, kwa kawaida mikrolita 5, halafu matone ya bafa, yaani maji maalumu ya kuisukuma damu. Kuanzia hapo hakuna pampu wala betri. Majimaji yanajipandisha yenyewe ndani ya utando wa nitroselulosi, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Njiani yanazikuta kingamwili zilizokaushwa kiwandani, kila moja imefungwa kwenye chembe ya dhahabu. Naam, dhahabu hiihii. Chembe zake zikiwa ndogo kufikia makumi kadhaa ya nanomita haziwi njano tena, zinaonekana nyekundu, na ule mstari mwekundu mnaousoma ni dhahabu iliyorundikana. (Ndugu zangu wa Geita msianze kukusanya vipimo vilivyotumika, hamtapata hata cha kuweka kwenye mizani.) Kama damu ina HRP2, protini ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum huimwaga mwilini, kingamwili zile zinaidaka na kusafiri nayo mpaka zinapokuta kingamwili nyingine zilizobandikwa kwenye utando, zisizohama. Pale zote zinanaswa, na mstari unatokea. Chembe zilizobaki zinapita, zinakwenda kunaswa kwenye mstari wa udhibiti.

Huo mstari wa udhibiti unasingiziwa mengi. Kazi yake ni kukuambia kwamba majimaji yamefika na kwamba kingamwili za dhahabu bado ni nzima. Hauna habari na ubora wa tone la damu, wala haujui kama kipimo kilikaa mwezi mzima kwenye stoo ya bati kikaungua nusu. Vipimo vingi vimetengenezwa kuhimili nyuzi 30, vingine mpaka 40. Nendeni mkapime joto la stoo za zahanati saa nane mchana mwezi wa Februari, ndipo tuongee vizuri.

Hata hivyo nakiheshimu kipimo hiki kuliko mashine nyingi zinazong'aa. Kinakaa kwenye rafu, hakidai umeme, na baada ya dakika 15 hadi 20 kimejibu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Wenye umri wangu mnakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo: homa ilikuwa malaria, na malaria ilikuwa homa, basi. Agizo lile lisingetekelezeka vijijini kwa hadubini peke yake, maana hadubini inataka umeme au jua la kutosha, rangi ya kupaka, na zaidi ya vyote inataka mtu mwenye jicho lililofundishwa na ambaye hajachoka.

Sasa niwaambie kinapokwamia, na kinakwamia pazuri kwa mtafiti. Kwanza, HRP2 haiondoki mwilini siku kimelea kinapokufa. Mtu aliyepona anaweza kuonekana ana malaria kwa wiki kadhaa, kwa sababu kipimo kinasoma masalia. Pili, na hili ndilo linalonipa wasiwasi, kuna vimelea vilivyopoteza jeni, yaani maelekezo ya kurithi, ya kutengeneza protini hiyo. Vilitangazwa kutoka Amazoni ya Peru mwaka 2010, na wengi wakadhani ni mambo ya huko. Baadaye Eritrea ikagundua wagonjwa ambao hadubini inawaonyesha vimelea wazi na kipimo kinasema hakuna kitu, ikalazimika kubadili aina ya vipimo. Ethiopia na Djibouti nako vimeonekana. Hebu fikirieni kinachotokea: tunapima, tunamtibu aliyeonekana, na yule ambaye kimelea chake kimejificha tunamrudisha nyumbani akaumwe na mbu. Kipimo chenyewe kinavipalilia njia vimelea kisivyoviona. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango: asilimia 5 ya wagonjwa wakikosekana kwa sababu hiyo, nchi ibadili kipimo. Vipo vinavyotafuta kimeng'enya kiitwacho pLDH, ambacho kimelea hakiwezi kuishi bila hicho, ila kwa falciparum uwezo wake wa kunasa vimelea vichache kwa kawaida uko chini ya ule wa HRP2. Kuupandisha uwezo huo ni kazi ya kihandisi kabisa: kingamwili bora, utando bora, chembe bora.

Tatu ni yule mtoto ambaye kipimo kinasema hana malaria. Homa bado anayo, na mama hajaja kusikia mtoto hana nini. Muuguzi hana kipimo kingine mezani, anaandika antibayotiki. Tafiti zilizofanyika Afrika na Asia zimeonyesha hivyo: vipimo vya malaria vilipoingia, dawa za malaria zilipungua na antibayotiki kwa waliokutwa hawana zikaongezeka. Sioni ajabu yoyote hapo. Tulimpa muuguzi nusu ya jibu, naye akaijaza nusu iliyobaki kwa alichokuwa nacho kabatini.

Kwenye kifua kikuu hadithi ni tofauti kidogo. Robert Koch alimtangaza bakteria wake Berlin tarehe 24 Machi 1882, na zaidi ya karne moja baadaye kipimo kikuu cha nchi zetu kilikuwa bado ni kupaka makohozi kwenye kioo na kuyaangalia kwa hadubini. Pale Morogoro, shirika la APOPO wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamefundisha panya buku kunusa makohozi ambayo hadubini ilishayapitia. Panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa takriban dakika 20, na anachokitilia shaka kinarudishwa maabara kuthibitishwa. Wageni hucheka wakisikia. Waliokutwa na kifua kikuu baada ya kuambiwa hawana hawacheki.

Desemba 2010 ndipo mashine ya GeneXpert ilipoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Makohozi yanaingia kwenye katriji, kikopo maalumu cha plastiki, mashine inazidisha kipande cha jeni la bakteria, na ndani ya saa mbili unajua kama kifua kikuu kipo na kama kina usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Kuotesha bakteria maabara ili kujua usugu kulikuwa kunachukua wiki nyingi. Kivu Kaskazini, katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, mashine hizohizo ziliwekwa Beni na Butembo ili sampuli zisisubiri safari ya Kinshasa. Hayo ni mafanikio na siyapunguzi.

Lakini saa mbili za mashine si saa mbili za mgonjwa. Sampuli inasubiri pikipiki ya Alhamisi. Inafika, inakuta umeme umekatika, au moduli mbili kati ya nne, sehemu za mashine zinazopokea katriji, zimekufa na fundi aliyeruhusiwa kuzigusa yuko nchi nyingine. Katriji iliuzwa kwa mpango wa nchi maskini kwa dola 9.98 tangu 2012, ikashuka hadi 7.97 mwaka 2023 baada ya wanaharakati kupiga kelele miaka mingi. Jibu likitoka, karatasi nayo inaanza safari ya kurudi. Kwenye andiko la utafiti mtaona "muda wa kupata majibu" umehesabiwa tangu katriji iingie mpaka skrini iandike. Mwanafunzi wangu akiniletea hesabu ya namna hiyo namrudishia. Ahesabu tangu mgonjwa anapokohoa mpaka anapomeza kidonge cha kwanza.

Kuna na upande wa uvumbuzi unaopendwa na magazeti. Mwaka 2017 kundi la Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitengeneza mashinepewa, yaani mashine ya kuzungusha damu kwa kasi, ya karatasi na uzi, ya gharama ya senti 20 za dola, unayoivuta kwa mikono ikazunguka mpaka mizunguko 125,000 kwa dakika, na kutenganisha damu na utegili wake, yale majimaji yake yasiyo na seli, kwa dakika moja na nusu. Naipenda sana. Nimewaonyesha watoto wangu. Ila utegili uliotenganishwa bado si jibu, na anayeutenganisha bado anahitaji hadubini na jicho. Mwaka uliofuata Brian Gitta wa Uganda, aliyeanzia Makerere, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa kifaa alichokiita Matibabu, cha kutafuta malaria kwa mwanga na sumaku bila kutoboa kidole. Wazo ni zuri na fizikia yake ni ya kweli, maana kimelea kinapokula damu kinabakiza chembe zenye chuma. Tuzo hupewa mwanzo wa barabara, nanyi mlioko hapa mjue kwamba kutoka hapo mpaka kwenye meza ya muuguzi ndiko kuliko na kazi kubwa na isiyopigwa picha.

Sasa twende wodini.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia petroli, moto ukalipuka, na waliokufa siku ile na siku zilizofuata walizidi 100. Wapo waliosafirishwa mpaka Muhimbili. Sitaki kuyarudia ya siku ile mbele ya watu ambao huenda walipoteza ndugu. Nataka tu muwe nayo kichwani ninapoeleza teknolojia mbili za Boston, Marekani.

Ya kwanza ni ya Howard Green na James Rheinwald. Mwaka 1975 walionyesha namna ya kuzidisha seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu kwenye sahani ya maabara. Mwaka 1983 waliletwa Boston watoto wawili, ndugu, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Ngozi ya kuhamisha kutoka sehemu nzima haikuwepo, kwa sababu sehemu nzima zenyewe hazikuwepo. Vikachukuliwa vipande vidogo, vikaoteshwa maabara vikawa mashuka, na watoto wakaishi. Ni moja ya siku kubwa kabisa za fani yetu. Lakini mashuka hayo yalihitaji kama wiki tatu kuota, katika maabara safi, kwa mikono ya watu waliobobea, na yalikuwa membamba, seli chache tu kwa unene, yasiyo na tabaka la ndani, hivyo yanatoa malengelenge kwa urahisi. Wakati yanaota, mgonjwa anasubiri.

Ya pili ni ya Ioannis Yannas, mhandisi wa chuo cha teknolojia cha MIT, na John Burke, daktari bingwa wa upasuaji. Hawa hawakuotesha kitu. Walichukua kolajeni, protini inayoipa ngozi na kano uimara, ya kano za ng'ombe, wakaichanganya na sukari ndefu inayotoka kwenye gegedu ya papa, wakaigandisha na kuikausha ikawa sponji, na juu yake wakaweka utando wa silikoni kuzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Walitangaza matokeo kwa wagonjwa mwaka 1981. Marekani iliidhinisha bidhaa hiyo, Integra, mwaka 1996.

Nataka tuikalie sponji hii kidogo, maana ndani yake kuna somo la uhandisi kuliko vitabu vingi. Kidonda kirefu cha mtu mzima hakioteshi upya tabaka la ndani la ngozi. Kinachofanya ni kujivuta: seli zinashika kingo na kuzikokota, halafu pengo linazibwa kwa kovu. Ndiyo maana mnawaona watu ambao kidevu kimeshikana na kifua, au vidole vimegeuka ngumi isiyofunguka, miaka mingi baada ya ajali ya jiko au kibatari. Sponji ya Yannas inawanyima seli zile nafasi ya kukokota kwa pamoja. Zinaingia kwenye vijishimo, zinashika kuta huku na huku, na badala ya kuvuta upande mmoja zinaanza kujenga. Vijishimo vina upana wa mikromita 20 hadi 125. Vikiwa vidogo zaidi seli haziingii, vikiwa vikubwa zaidi hazipati ukuta wa kutosha wa kushika. Na sponji yenyewe lazima iyeyuke kwa mwendo wake: ikiisha mapema kovu linarudi, ikichelewa inakuwa kizuizi. Baada ya wiki mbili tatu silikoni inabanduliwa na juu yake panawekwa ngozi nyembamba sana ya mgonjwa mwenyewe.

Hiyo sponji haina seli hata moja. Kwa hiyo inakaa kwenye pakiti, kwenye rafu, mpaka siku lori litakapopinduka. Mapungufu inayo: haioti nywele wala tezi za jasho, inahofia maambukizi, na bei yake ni ya kumtoa mtu jasho alilobakiza. Lakini kati ya hizi teknolojia mbili, ukiniuliza ipi ianze kufanyiwa utafiti hapa kwetu, sitachukua muda kujibu. Ng'ombe tunao, kano zinatupwa machinjioni, na kemia ya kolajeni inafundishika. Ugumu uko kwenye usafi, uthibitisho na uvumilivu.

Mtaniuliza mbona sijataja figo na moyo vinavyochapishwa kwa printa. Seli hai ikikaa zaidi ya mikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye mshipa mdogo wa damu inakufa kwa kukosa oksijeni. Ngozi ni nyembamba, kibofu cha mkojo ni mfuko mwembamba. Ndiyo maana Anthony Atala na wenzake mwaka 2006 waliweza kuripoti wagonjwa 7 waliowekewa vibofu vilivyojengwa kwa seli zao, na hata hilo bado halijawa tiba ya kawaida. Figo ni nene na mishipa yake ni msitu.

Aliyejaribu kuliruka tatizo hilo mnamjua. Daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini, katika hospitali ya Karolinska, Stockholm, mwaka 2011 alimwekea mgonjwa bomba la hewa la plastiki lililopakwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka za aina nyingine. Mgonjwa alikuwa mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Dunia nzima ilishangilia. Plastiki haikuwahi kupata mishipa ya damu wala kuwa tishu, na yule kijana alifariki mwaka 2014. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu daktari huyo kifungo cha miaka miwili na nusu kwa madhara aliyowasababishia wagonjwa watatu. Madaktari wenzake waliopiga kelele mapema walisumbuliwa kwanza kabla ya kusikilizwa. Fani hii ina ushawishi mkubwa kwa sababu mgonjwa aliyekata tamaa atasaini karatasi yoyote utakayomwekea mbele.

Nigusie samaki, maana najua swali litakuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará, huko Fortaleza, Brazil, wamekuwa wakifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato. Ni sato yuleyule mnayemla Mwanza. Ngozi yake ina kolajeni nyingi, inashika kidonda vizuri, na inapunguza idadi ya mara za kubadili bandeji, shughuli ambayo kila aliyeuguza mtu aliyeungua anajua machozi yake. Ila haigeuki kuwa ngozi ya mtu. Ni kifuniko, na jeraha refu bado litataka kupandikizwa ngozi. Na kabla haijamgusa mgonjwa inasafishwa, inalowekwa kwenye gliserini, inapigwa mionzi ya kuua vijidudu. Tafadhalini, asitoke mtu hapa akaenda feri kununua ngozi ya samaki.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nimalizie na la miradi ya mwaka wa mwisho, kwa sababu mmeniuliza wengi mlangoni.

Vidonda vikubwa hupona vyema vikifunikwa na kufyonzwa kwa shinikizo la chini. Pampu za hospitali za kazi hiyo ni ghali na zinataka umeme. Danielle Zurovcik, akiwa MIT, alitengeneza ya kubonyeza kwa mkono, ya gharama ya dola kama 3, ikatumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, kisha ikafanyiwa utafiti Rwanda. Alichokigundua ni kwamba pampu haikuwa tatizo. Nguvu karibu yote ilikuwa inaliwa na hewa inayovuja pembezoni mwa plasta. Ukiziba pale, mtu anabonyeza mara chache tu kwa siku. Kwa hiyo msiniletee pampu nyingine yenye skrini na bluetooth. Nileteeni gundi: inayoshika ngozi yenye jasho, kwenye wodi ya nyuzi 32 bila feni, kwa siku tatu mfululizo, karibu na kinena na kwapani ambako hakuna plasta inayokubali kukaa, na ikibanduliwa isiondoke na ngozi mpya. Mkianza mwezi huu mtakuwa na cha kumwonyesha muuguzi kabla ya mitihani. Maswali, karibuni.